Klore: kutoka Javel hadi kartie Lumumba

Safari hii siandiki juu ya mihogo wala juu ya mmomonyoko wa udongo. Naandika juu ya klore, ile vitabu vinaita klorini, kwa sababu iko na historia ndefu kuliko nilivyofikiri, na kwa sababu katika historia hiyo mimi pia niko na kipande changu kidogo. Si kipande cha kujivunia.

Si munajua hali vile iko. Uko na lisansi ya agronomia, uko na memwari imefungwa vizuri na karatasi ya bluu, na kila asubuhi unapita kusoma matangazo ya kazi kwenye vibao vya maofisi. Mwaka jana jirani mmoja wa hapa kwetu Lumumba, mtu wa biashara, akaniita katika paseli yake. Nyuma ya nyumba alikuwa amejenga pisini: mita nane kwa nne, kina cha mita moja na nusu hivi. Maji yalikuwa kijani kama sombe. Akaniambia: "Weye ulisoma mambo ya mimea. Hii ni mimea. Itoshe."

Nilicheka, lakini alisema kweli. Ile kijani ni mwani, mimea midogo kabisa, inakula nitrojeni na fosfori sawasawa na mahindi. Nikakubali kazi. Nikanunua kopo la unga mweupe wa klore, ule umeandikwa HTH, kilo moja. Siku ya kwanza nikachota vijiko kadhaa kwa macho tu, saa tatu asubuhi, nikamwaga. Saa saba nikarudi kunusa: hakuna harufu, hakuna kitu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikakasirika, nikanunua kopo lingine, nikalimwaga lote.

Patroni alikuwa ameletewa kutoka Kampala kisanduku cha kupimia. Unajaza maji katika kachupa, unatupia kidonge, maji yanageuka rangi ya waridi. Waridi ikikolea, klore ni nyingi. Ikififia, ni kidogo. Nikapima. Maji yakabaki meupe. Sifuri! Basi nikaongeza nusu kopo juu yake.

Asubuhi yake watoto wa patroni waliingia kabla sijafika. Nilikuta mama yao amewakalisha chini ya mwembe, anawaosha macho kwa maji ya bidoni. Macho mekundu kabisa, yule mdogo analia na kujikuna mikono. Kaptula yake ya bluu ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya majivu. Patroni hakunitukana. Aliniangalia tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Usiku nikasoma ile karatasi ya kisanduku mpaka mwisho, kitu ambacho ningepaswa kufanya siku ya kwanza. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba klore ikizidi sana, kupita kama miligramu 10 kwa lita, inafuta rangi ya kidonge chenyewe. Hapo nikakumbuka: kidonge kilipoanguka niliona waridi ikiwaka kama umeme wa mvua, halafu ikapotea. Sifuri yangu haikuwa sifuri ya ukosefu. Ilikuwa sifuri ya wingi. Zote mbili zinafanana machoni.

Nikafanya hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaiweza. Mita 8 mara 4 mara 1.5 ni mita za ujazo 48, maana yake lita 48,000. Ule unga una klore kama asilimia 70. Kopo moja linatoa gramu 700, ukigawa kwa lita zote unapata karibu miligramu 15 kwa lita. Pisini inataka kati ya 1 na 3. Kupandisha miligramu moja tu, gramu 70 za unga zinatosha, na mimi nilimwaga kilo moja na nusu.

Sikulala vizuri usiku ule. Si kwa sababu ya pisini peke yake. Nitafika huko. Kwanza nieleze nilichokisoma siku zilizofuata, kwani nilitaka kujua huyu klore ni mtu gani.

Kufuta rangi njo kazi yake ya kwanza katika historia. Mwaka 1774 mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipata gesi ya njano-kijani inayokaba koo, akaona inageuza maua na majani kuwa meupe. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy akaipa jina kutoka neno la Kigiriki la rangi hiyo ya kijani-njano. Kwa hiyo ile dawa ya kutosha kijani inaitwa Kijani! Kati ya miaka hiyo miwili, Mfaransa Claude Louis Berthollet aliona kwamba gesi hii inaweza kung'arisha vitambaa. Zamani huko Ulaya kitambaa cha kitani kilitandikwa juu ya majani kwa wiki na miezi, jua linakipiga, kinalowekwa hata katika maziwa yaliyochacha, ndipo kiwe cheupe. Berthollet alifupisha miezi ikawa siku. Kiwanda kilichotengeneza ile dawa ya maji kilikuwa katika kijiji cha Javel, kando ya mto Seine; leo kijiji kimemezwa na Paris. Mama zetu wanapomtuma mtoto dukani, "Kanunue javel," wanataja kijiji cha watu bila kujua. Mimi pia sikujua.

Kisha mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland akapata hati ya kuitengeneza kama unga, kwa kuipitisha gesi juu ya chokaa. Hapo klore ikaweza kusafiri ndani ya pipa. Bila unga ule hakuna kopo la HTH kule sokoni Bunia.

Sasa angalieni vile ilitoka kwenye nguo ikaingia kwenye afya. Watu wa wakati ule waliamini ugonjwa unatembea na harufu mbaya. Katika miaka ya 1820 mfamasia wa Paris, Antoine Labarraque, aliitumia kuondoa uvundo pale walipokuwa wakisafisha matumbo ya wanyama. Uvundo ukaondoka, wakasema basi ugonjwa umeondoka. Wazo lilikuwa na kasoro, lakini dawa ilifanya kazi kwa sababu nyingine ambayo hawakuiona.

Daktari Ignaz Semmelweis alichagua dawa hii Vienna mwaka 1847 kwa pua pia. Wamama waliojifungua katika wodi ya madaktari walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi. Aprili ya mwaka ule walikufa zaidi ya 18 katika kila 100. Madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Sabuni haikutoa ile harufu ya maiti mikononi. Maji ya chokaa ya klore iliitoa. Akalazimisha kila mmoja anawe nayo kuanzia katikati ya Mei. Juni walikufa kama 2 katika 100, Julai 1. Mtu angefikiri wangempigia makofi. Wengi walimkataa. Daktari gani anapenda kuambiwa mikono yake njo inaua? Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na wengi wa wenzake walikuwa hawajakubali.

Nilisoma hiyo habari, nikafunga simu, nikatoka nje kwanza.

Wale walikuwa hapa wanakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola upande wa Mangina na Beni. Ugonjwa ukapanda kuja Ituri: Mambasa, Komanda, Mongbwalu, hata hapa Bunia. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 wakiwa wameupata na 2,287 wamekufa. Katika mwaka 2019 kila mlango wa Bunia ulikuwa na ndoo ya robine: kanisa, shule, banki, kituo cha mabasi. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nikapata kakazi ka siku kwenye mlango wa nyumba moja ya afya, sitaitaja. Kazi ilikuwa kuchanganya klore.

Kulikuwa na maji mawili. Ya kwanza ni ya asilimia 0.05, ya mikono ya watu. Ya pili ni ya asilimia 0.5, ya sakafu, buti, vitanda, matapishi. Kwa bidoni ya lita 20, ya kwanza inataka kijiko kikubwa kimoja cha unga, ya pili vijiko kumi. Maji yenyewe yanafanana. Tuliandika kwa chaki kwenye bidoni: M kwa mikono, S kwa sakafu. Usiku mmoja mvua ilinyesha ikafuta chaki. Asubuhi nikanusa bidoni zote mbili, pua ikiwa imezoea ile harufu kwa wiki nyingi, nikachagua. Nikajaza ndoo ya mikono.

Mpaka saa sita watu walinawa maji ya sakafu. Njo nilipoona mwenzangu wa kusafisha analalamika kwamba maji yake "haina nguvu leo" nikaelewa. Nikamwaga haraka, nikajaza upya, nikanyamaza. Nilimwambia mwenzangu tu. Sikumwambia mkubwa wa kazi, na sikuwaambia wale walionawa.

Mmoja wao alikuwa mama anayeuza mikate kwenye kona ya avenyu yetu, mama ambaye amenilisha tangu niko kadogo. Alikuwa amempeleka mtoto wa dada yake, akanawa mara tatu nne kwa kuingia na kutoka. Mikono yake, mafuta ya moto yalikuwa yameishaichoma hapa na pale, na visu vya mihogo vilikuwa vimeikata. Wiki ile ngozi ya vidole ilibambuka. Akawaonyesha watu sokoni: "Muone. Banasema tunawe tupone. Ii dawa njo iko nakula batu." Tayari mji ulikuwa umejaa uvumi, kwamba Ebola ni biashara, kwamba wale wa magari meupe wanaileta wenyewe. Mimi na bidoni yangu tuliupa uvumi ule mikono ya kuonyesha.

Hapo nilipokaa nje na ile habari ya Vienna, nilijiuliza kitu ambacho vitabu havikusema. Kama Semmelweis angekosea kipimo siku moja, akachoma mikono ya wale madaktari, wangekuwa wamekosea kumkataa?

Nirudi kwenye historia, kwani kuna upande wa maji ya kunywa, na huo unatuhusu sisi kuliko tunavyojua. Mwaka 1897 homa ya matumbo ilishika mji wa Maidstone, Uingereza, watu karibu 1,900. Wakaosha mabomba ya mji kwa unga wa klore. Hiyo ilikuwa ya dharura. Mji wa kwanza kuiweka kila siku, bila kuacha, ulikuwa Middelkerke, mji mdogo wa pwani ya Ubelgiji, mwaka 1902. Ubelgiji! Wakati ule Kongo ilikuwa bado mali ya Leopold II, na baba za babu zetu walikuwa wanabeba mizigo njiani. Wao pwani yao wanakunywa maji salama ya kwanza ya aina ile duniani. Sina la kuongeza hapo.

Mwaka 1908, mwaka uleule Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa mfalme, daktari John Leal alifanya jambo la ajabu Marekani. Kampuni ya maji ya Jersey City ilikuwa imeshtakiwa kwa kuuza maji machafu. Mahakama ikaipa muda wa kurekebisha. Wengine waliwaza mabomba mapya ya kuondoa uchafu wa vijiji vya juu ya mto, pesa nyingi. Leal akajenga kiwanda kidogo cha kuweka unga wa klore ndani ya maji, chini ya miligramu moja kwa lita, na tarehe 26 Septemba 1908 akakiwasha. Watu kama 200,000 walikunywa bila kuulizwa. Alipoitwa kujieleza walimshambulia: unawalisha watu sumu! Wakamuuliza kama yeye mwenyewe anayanywa. Akajibu ndiyo. Baba yake Leal alikufa kwa ugonjwa wa tumbo alioupata vitani kwa maji mabaya, kwa hiyo nadhani jibu lile halikuwa la kujitetea tu. Alishinda kesi, na baada ya miaka michache miji mingi ya Marekani ilimfuata.

Lakini mimi nasimama hapohapo kwenye "bila kuulizwa". Leal alikuwa na haki kwa kipimo. Kwa kuuliza, sijui kama nampa haki. Mimi pia sikumuuliza mtu.

Miaka saba baadaye klore ikaonyesha uso wake mwingine. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, Ubelgiji tena, jeshi la Ujerumani lilifungua maelfu ya mitungi ya gesi hii, tani zaidi ya 150, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya Wafaransa na askari wao kutoka Afrika ya Kaskazini. Mkemia Fritz Haber njo aliisimamia. Agronomu wote tunamjua Haber: ndiye alivumbua njia ya kutoa nitrojeni hewani, bila yeye hakuna urea. Jina moja kwenye mfuko wa mbolea na kwenye mtungi wa gesi. Na katika vita vileile, mkemia Henry Dakin na daktari Alexis Carrel walikuwa wanaosha vidonda vya askari kwa maji ya klore ili visioze. Nguvu yake: karibu asilimia 0.5. Namba ileile ya bidoni yangu ya sakafu. Ila Dakin alipunguza ukali wake kwanza, kwa sababu alijua maji yale yalivyo yanachoma nyama.

Na pisini? Huko Marekani, karibu mwaka 1910, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Brown anayeitwa Bunker alijaribu unga wa klore katika pisini ya chuo na kuhesabu bakteria kabla na baada. Mwanafunzi, wenzangu. Tena yeye alihesabu.

Basi na mimi nikaanza kuhesabu. Nilichota kikombe kimoja cha maji ya pisini, nikaongeza vikombe tisa vya maji safi yasiyo na klore, nikapima mchanganyiko, nikazidisha mara kumi. Ikatoka juu ya 20. Nikamwambia patroni ukweli wote: asiingie mtu, tusubiri. Jua la Bunia lilinisaidia. Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, juu ya mita 1,200, na jua kali linavunja klore isiyokuwa na kinga. Nusu yake inaweza kwenda kwa saa moja tu kwenye maji ya juu. Njo sababu vijiko vyangu vya saa tatu asubuhi vilikuwa vimekwisha saa saba. Agronomu anayejua kwamba dawa ya wadudu inapigwa jioni, anawezaje kumwaga klore asubuhi? Nilijicheka peke yangu. Tangu siku ile naweka jua likizama, napima asubuhi.

Jambo la pili lilikuwa pH. Klore ndani ya maji iko na sura mbili, moja inaua vijidudu haraka, nyingine ni mvivu. Kwenye pH 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Ikipanda kufika 8, ile yenye nguvu inabaki robo tu. Na ule unga wenyewe unapandisha pH! Ndiyo maana nilimwaga mwingi, maji yakageuka kama maziwa na kijani ikabaki chini. Ni kama fosfori katika udongo wetu wenye asidi: laboratoire inakuambia ipo, mahindi yanakuambia haipo, kwa sababu chuma na aluminiamu vimeishika. Nilishusha pH kwa asidi kidogo kidogo hadi 7.4, siku moja asidi, siku nyingine klore, kamwe siyo pamoja. Yule anayezikutanisha katika ndoo moja anatengeneza gesi ya Ypres nyuma ya nyumba yake. Na unga ndio unatiwa ndani ya maji. Usimwage maji juu ya unga.

Kitu kingine kilichonishangaza: ile harufu kali ambayo tunaiita "klore imezidi", mara nyingi si klore iliyozidi. Ni klore iliyochoka, iliyoungana na jasho na mikojo ya waogeleaji. Harufu ile inaweza kuwa ishara kwamba inatakiwa zaidi. Kwa hiyo pua inadanganya juu, inadanganya chini. Ilimdanganya Labarraque kwa bahati nzuri, ilinidanganya mimi kwa bahati mbaya.

Baada ya siku tisa maji yalikuwa wazi, unaona sarafu chini. Kipimo: 2. Watoto walirudi, yule mdogo wa mwisho, baada ya kuingiza mguu kwanza.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kwenye kona ya avenyu yule mama bado anauza mikate. Kwake wamefika wajukuu wawili na shangazi yao, wakimbizi wa vita kutoka upande wa Djugu. Wanachota kwenye kisima, na choo cha jirani kiko hatua chache tu juu yake. Msimu wa mvua uliopita yule mjukuu mdogo aliharisha mpaka wakambeba kwa moto usiku. Wahudumu walipita na vidonge vya maji, kila paseli. Yeye alivipokea kwa adabu, akavitupa. Tangu 2019 klore haikuingia tena nyumbani kwake.

Nilienda jioni, nikiwa na kisanduku cha patroni, aliniruhusu. Nilikuwa nimenunua vidonge vya maji ya kunywa kwa farmasi; unga wa pisini siupeleki kwenye chungu cha mtu, mwingine umechanganywa na vitu visivyo vya tumbo. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, ile siku ya mikono yako, pale kwa mlango wa wagonjwa. Ni miye nilichanganya maji. Nilikosea bidoni."

Akageuza mkate kwenye mafuta, akageuza mwingine.

"Miaka yote hii unapita hapa unakula mikate yangu."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa unaniletea ileile."

Sikuwa na jibu. Nikaomba bidoni moja. Maji yalikuwa na ukungu, tukayachuja kwa kikwembe kilichokunjwa mara nne, nikaweka kidonge cha kipimo chake, tukangoja nusu saa. Ndani ya nusu saa ile alinisimulia mambo ya 2019 ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikajaza kachupa, nikatupia kidonge cha rangi. Waridi ikatokea, nyepesi, ikabaki. Nikamwonyesha kwenye kibao cha rangi: kati ya 0.2 na 0.5, pale maji ya kunywa yanatakiwa kuwa. Nikamweleza kwamba maji yaliyomchoma yalikuwa na 5,000.

Akachukua kachupa, akakashika mbele ya mwanga wa makaa.

"Iko sawa na kucha ya mutoto," akasema. Halafu: "Kunywa weye kwanza."

Nikanywa kikombe kizima cha ile bidoni. Aliniangalia koo. Kisha akauliza kuhusu kisanduku, nimekitoa wapi. Nikamwambia ni cha pisini, kule nyuma.

"Ile maji, banakunywa?"

"Hapana, mama. Banaogelea tu."

"Inaingia bidoni ngapi?"

Nilikuwa sijawahi kufanya hesabu kwa bidoni. Lita 48,000 kwa 20. "Elfu mbili na mia nne."

Alinyamaza muda mrefu. Mkate mmoja ukaanza kuungua, akautoa, akauweka pembeni kwa mbuzi. Shangazi wa wale watoto alitoka ndani, akasimama mlangoni kutusikiliza, mdogo amelala mgongoni mwake.

"Kesho lete tena kale ka kidonge ka rangi," mama akasema. "Miye mwenyewe njo nitatupia."

Katika kisanduku cha patroni vilikuwa vimebaki kumi na moja.